Kompyuta ya zamani isitupwe kwanza: jinsi tunavyoongeza kumbukumbu na kubadilisha diski



Tumepokea tena barua kutoka kamati za parokia zikiomba kompyuta mpya. Sababu inayotajwa karibu katika kila barua ni ile ile: kompyuta mpakato iliyopo ofisini "imechoka". Katibu anaiwasha, anakwenda kufungua madirisha, anafagia, anasalimiana na wageni, na akirudi bado anakiona kile kiduara kikizunguka. Tulipozifungua baadhi ya mashine hizo tuliona kwamba nyingi bado zina nguvu ya kufanya kazi za ofisi kwa miaka kadhaa, ila zimekwamishwa na vifaa viwili vinavyoweza kubadilishwa kwa bisibisi. Hivyo basi tumeona vema kueleza vifaa hivyo ni nini, vinabadilishwaje, na ni wakati gani fedha za wafadhili zisitumike kwa kazi hiyo.

Kuna jambo lililotusukuma kuandika. Kikundi cha VICOBA kinachokutana katika ukumbi wa parokia moja kilikuwa kikitunza hesabu zake kwenye kompyuta ya ofisi. Mtunza hazina alilalamika kwa muda mrefu kwamba mashine ni nzito, nasi tukamjibu kwamba ombi lake liko kwenye foleni. Asubuhi moja kompyuta ilianza kutoa mlio wa tiki, tiki, tiki, kisha haikuwaka tena. Hesabu za mikopo za miezi minne hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine popote. Wanachama walikaa Jumapili tatu baada ya ibada, kila mmoja na kitabu chake, wakiandika upya nani anadaiwa kiasi gani. Mama mmoja kitabu chake kilikuwa kimelowana na mvua, hivyo likabaki neno lake dhidi ya neno la mtunza hazina. Mwishoni walipatana, lakini mtunza hazina aliomba apumzishwe nafasi hiyo. Uzito aliokuwa akiulalamikia ulikuwa dalili ya diski inayokufa. Sisi ndio tuliopaswa kuitambua, na hatukuitambua.

Meza na kabati

Watu wengi huchanganya kumbukumbu na diski, na si kosa lao. Kadi ya simu inayotunza picha huitwa "memori" mitaani, na muuzaji akisema mashine ina "giga nne" hafafanui ni za nini. Chukulia ofisi ya katibu wa parokia. Ana meza, na nyuma yake lipo kabati la mafaili. Kila kitu kinatunzwa kabatini: rejista, barua, hesabu. Anapotaka kufanya kazi hulitoa faili na kuliweka mezani. Diski ndiyo kabati. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM, ndiyo meza. Umeme ukikatika meza hufagiwa yote, ndiyo maana barua ambayo haijahifadhiwa hupotea; kilichomo kabatini hubaki.

Meza ikiwa ndogo, katibu hulazimika kurudisha faili moja kabatini kila anapotaka kufungua lingine. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Kumbukumbu ikijaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na ikiihitaji huenda kuichukua tena. Mtumiaji huona tu kwamba mashine imeganda. Hapo ndipo kasi ya kabati inapoonekana, na katika kompyuta nyingi za miaka ya 2008 hadi 2015 kabati lenyewe ni la polepole sana.

Ndani ya diski ya zamani kuna sahani za duara zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika kompyuta mpakato, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea unaokwenda mbele na nyuma juu yake bila kuigusa sahani. Mzunguko mmoja huchukua takriban sehemu 11 za elfu za sekunde. Kwetu sisi huo ni muda mfupi mno. Kwa kompyuta ni kusubiri. Mkono ukitumwa kuokota vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika huku na huko, diski hiyo haifikishi hata vipande mia kwa sekunde moja, na kuwasha kompyuta ni kuokota maelfu ya vipande vya namna hiyo. Aidha, kichwa kile kikigusa sahani wakati inazunguka, kwa mfano kompyuta ikibebwa kwenye pikipiki huku imewaka, kinaweza kuikwaruza, na data za mahali pale hazirudi.

Diski za kisasa, yaani SSD, hazina kitu kinachozunguka. Data hukaa ndani ya chipu, kama kwenye flashi, lakini zenye ubora na kasi kubwa zaidi. SSD ya kawaida ya inchi 2.5 husoma faili kubwa kwa kasi inayofika megabaiti 500 kwa sekunde, wakati ile ya kuzunguka huwa karibu na 100. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye vile vipande vidogo: SSD huokota makumi ya maelfu kwa sekunde. Kompyuta ya ofisi yetu wenyewe, Dell Latitude E6430 ya mwaka 2012, ilikuwa ikichukua zaidi ya dakika sita kabla ya kukubali kufungua barua. Baada ya kuwekewa SSD ilikuwa tayari kabla mhasibu hajavuta kiti.

Kuanzia wapi

Kabla ya kununua chochote, pimeni. Kwenye kompyuta yenye Windows fungueni kazi zenu za kila siku, kisha bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Itatokea orodha yenye safu za asilimia, mojawapo ikiwa ya kumbukumbu na nyingine ya diski. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu huku kumbukumbu ikiwa 50 au 60, tatizo ni diski. Kumbukumbu ikiwa 90 na kuendelea, meza ni ndogo, na kwa sababu tuliyoieleza diski nayo itaonekana kuhemewa. Katika mashine tulizozipima, mara nyingi diski ndiyo iliyostahili kubadilishwa kwanza, na kamati yenye fedha ya kitu kimoja tu tunaishauri ianze na hiyo.

Kiasi gani kinatosha? Kwa barua, hesabu na intaneti, gigabaiti 8 za kumbukumbu zinatosha, na 4 ni za kubanana. Kwa diski, gigabaiti 240 au 256 zinatosha ofisi ya parokia isiyotunza video. Wapo wanaotuuliza kwa nini tusiweke 16. Jibu letu ni kwamba fedha hiyo iende kwenye diski ya nje ya kutunzia nakala.

Kuna mtego mmoja. Mfumo endeshi wa biti 32, ambao bado tunaukuta katika mashine zilizopakiwa zamani, hauwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu, na mara nyingi huonyesha 3 na kidogo tu. Ukiongeza kumbukumbu bila kubadilisha mfumo uwe wa biti 64, umenunua meza kubwa na kuiacha nje ya mlango.

Vipande haviingiliani

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, nasi tumepoteza zetu. Kumbukumbu za kompyuta mpakato ni za vizazi. DDR2 ilitangulia, ikafuata DDR3 iliyoanza kutumika mwaka 2007, kisha DDR4 iliyoingia sokoni mwaka 2014, na sasa DDR5. Kipande cha kizazi kimoja hakiingii kwenye tundu la kizazi kingine: pengo lililochongwa ukingoni liko mahali tofauti, na idadi ya miguu ya shaba ni tofauti pia, 204 kwa DDR3 na 260 kwa DDR4. Kikigoma kuingia msikisukume.

Kibaya zaidi ni kile kinachoingia lakini hakifanyi kazi. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na ipo DDR3L ya volti 1.35 ambayo kwa macho inafanana nayo kabisa. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2013 zinataka ile ya L. Tulinunua Kariakoo vipande viwili vya DDR3 kwa ajili ya HP EliteBook 840 G1, tukasafiri navyo hadi parokiani, tukavipachika vizuri, tukafunga mfuniko na kuiwasha mbele ya kamati nzima. Taa ikapepesa, mlio ukasikika, na kioo kikabaki cheusi. Tulirudisha kipande cha zamani, mashine ikawaka, tukafungasha virago. Nauli ile ilikuwa kubwa kuliko bei ya vipande vyenyewe. Tangu siku hiyo hatununui kabla ya kufungua mfuniko na kuandika maneno yote yaliyo kwenye lebo ya kipande kilichomo.

Idadi ya matundu nayo iangaliwe. Latitude E6430 na Lenovo ThinkPad T430, zote za mwaka 2012, zina matundu mawili na hupokea hadi gigabaiti 16. ThinkPad X240 ya mwaka 2013 ina tundu moja tu, hivyo kuongeza ni kutoa kilichomo na kuweka kikubwa zaidi. Zipo ambazo hazina tundu kabisa kwa kuwa kumbukumbu imechomelewa kwenye ubao mama. MacBook Air ziko hivyo tangu ile ya kwanza ya mwaka 2008. Hizo chukueni kama zilivyo.

Kwa upande wa diski, mashine za miaka hiyo nyingi hutumia ile ya inchi 2.5. SSD za umbo hilo kwa kawaida zina unene wa milimita 7, na tundu lililotengenezewa diski ya milimita 9.5 litaiacha icheze. Wekeni fremu ya plastiki ya kujazia, ambayo wakati mwingine huja ndani ya boksi. Kompyuta za baadaye zina tundu dogo la M.2, lenye umbo la kijiti cha pipi ya mpira. Angalieni sana hapo, maana diski za M.2 ziko za aina mbili, SATA na NVMe, na mashine nyingi za miaka ya mwanzo ya tundu hilo hupokea ya SATA tu. Mpeni muuzaji jina kamili na namba ya kompyuta, na mkubaliane kwenye risiti kwamba isipokubali itarudishwa.

Siku ya kazi

Kazi ya kwanza siku hiyo ni kunakili mafaili yote muhimu kwenye diski ya nje na kufungua matatu au manne kwenye kompyuta nyingine kuona kama kweli yamo. Kama diski ya zamani imeanza kulia tiki tiki, msiisumbue kwa kujaribu kuinakili yote. Chukueni hesabu na rejista kwanza, kisha barua, picha baadaye, kwa sababu kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho.

Zimeni kabisa, chomoeni chaja, toeni betri. Kama betri iko ndani, fungueni mfuniko na kuichomoa waya wake kwenye ubao kabla ya kugusa kitu kingine. Shikeni chuma kilicho wazi ili umeme tuli wa mwilini utoke, hasa sehemu kavu kama Dodoma wakati wa kiangazi. Kipande cha kumbukumbu huingizwa kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi, kisha hulazwa mpaka vibanio vya pande zote mbili vilie. Mashine ikikataa kuwaka mara ya kwanza, kwa kawaida ni kipande hakijakaa sawasawa. Tandikeni kitambaa cheupe mezani. Skrubu ndogo nyeusi ikianguka kwenye sakafu ya saruji ni kama imekwenda mbinguni.

Mnaweza kuhamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya kwa programu ya bure kama Clonezilla, au kupakia mfumo upya na kurudisha mafaili tu. Tunapendelea njia ya pili. Ina kazi zaidi, lakini virusi na takataka za miaka kumi hubaki kule nyuma. Baadaye tunaiacha Memtest86+, nayo ya bure, ipime kumbukumbu usiku kucha. Kumbukumbu mbovu haiangushi kompyuta kila mara. Huweza kubadilisha tarakimu kimya kimya, na katika hesabu za mikopo hilo ni baya kuliko kuzima.

Swali la Windows

Tuseme wazi jambo ambalo kuongeza vifaa hakulitatui. Windows 10 iliacha kupewa masahihisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Windows 11 inahitaji gigabaiti 4 za kumbukumbu, 64 za diski, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na orodha ya vichakato vya Intel inavyovikubali inaanzia, kwa sehemu kubwa, na vile vya kizazi cha 8 vilivyotoka mwaka 2017. Mashine za 2012 na 2013 hazimo, hata ukiziwekea SSD bora kuliko zote.

Kwa mashine hizo tunaweka Linux Mint pamoja na LibreOffice, ambavyo havina malipo na hufungua nyaraka za Word na Excel. Tusiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi. Katibu mmoja alikaa wiki mbili akitafuta vitufe alivyovizoea, na jedwali moja la bajeti lenye kanuni nyingi lilikataa kabisa, tukalazimika kuliandika upya. Kompyuta inayotumika kwa mfumo wa kihasibu unaohitaji Windows tunashauri isihangaikiwe. Hapo ombi la mpya ni la haki.

Kadhalika hatutengenezi mashine iliyovunjika bawaba, yenye kioo kilichopasuka na betri iliyovimba kwa pamoja. Kipimo chetu ni kwamba jumla ya matengenezo ikizidi theluthi moja ya bei ya kompyuta iliyotumika lakini nzima, tunaacha. Bei nazo ziulizwe upya kila mara. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya kompyuta za akili bandia. Bajeti zilizoandikwa kabla ya hapo zinaweza zisitoshe.

Diski iliyotolewa

Diski ya zamani si chuma chakavu. Ina majina ya waliobatizwa, mikopo ya watu, pengine barua za mashauri ya familia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Hata bila sheria, hakuna anayependa deni lake lisomwe kwenye duka la vifaa chakavu. Iwekeni kabatini kwa miezi mitatu mpaka mhakikishe hakuna kilichosahauliwa. Kisha, kama bado inafanya kazi, ifutwe kwa programu inayoandika juu ya diski nzima. Ikiwa imekufa, tobozeni sahani zake kwa keekee. Kumbukeni kufuta SSD ni tofauti, hutumia amri maalumu ya mtengenezaji.

SSD nayo hufa, mara nyingi bila mlio wowote wa kuonya, na faili lililofutwa ndani yake kwa kawaida haliwezi kufufuliwa na fundi. Ndiyo maana kila parokia tunayoifanyia kazi hii tunaikabidhi diski mbili: moja ndani ya mashine na nyingine ya nje ya nakala. Nakala hufanywa kila Ijumaa na diski hulala nyumba nyingine, si kwenye droo ya meza ile ile. Kikundi kile cha VICOBA sasa huchapisha pia ukurasa wa madeni kila mwisho wa mwezi, na wanachama watatu huusaini.

Kwa wafadhili wetu

Wengi wenu hutuma kompyuta ambazo ofisi zenu zimeacha kuzitumia, nasi tunashukuru. Zikija bila diski, kwa sababu mmezitoa kulinda siri zenu, si tatizo. Fremu na skrubu za diski ndizo tunazoomba mziache, maana ni vigumu kuzipata huku. Chaja iambatane na mashine. Tafadhali ondoeni neno la siri la BIOS na mzitoe mashine kwenye usimamizi wa mbali wa kampuni, kwa kuwa iliyofungwa hivyo hatuwezi kuifungua hata tungekuwa na vifaa vyote. Isiyowaka kabisa msitutumie. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za elektroniki zinazovuka mipaka ziwe na idhini ya nchi inayopokea, na mashine isiyopimwa inaweza kuzuiwa bandarini kwa gharama zetu.

Kila kifaa kilichonunuliwa kwa michango yenu huandikwa kwenye daftari la mali kwa namba yake, pamoja na namba ya kompyuta kilimowekwa na risiti. Vipande vya kumbukumbu vilivyotolewa hutunzwa, na viwili kati yake tayari vimekwenda kwenye mashine nyingine.

Kamati zinazotaka kukaguliwa kompyuta zao robo ijayo zilete mashine yenyewe, chaja, neno la siri la kuingilia na diski ya nje au flashi yenye nafasi. Aje pia mtu anayeitumia kila siku, mwenyekiti peke yake hatoshi, kwa sababu yeye mtumiaji ndiye anayejua inaganda akifanya nini. Na kama yako inalia tiki tiki leo, usiisubiri robo ijayo.